Dakika ya 77: Je, Mwenye Mapenzi Ana Haki ya Kuinuka?



Tarehe 6 Februari 2016, katika uwanja wa Anfield, Liverpool walikuwa wakiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland. Ilipofika dakika ya 77, maelfu ya mashabiki wa Liverpool waliinuka vitini mwao na kutoka nje. Hawakuwa na ugomvi na wachezaji. Kilichowaudhi ni tangazo la wamiliki kwamba msimu unaofuata tiketi ghali kuliko zote ingeuzwa pauni 77. Ndiyo maana wakaichagua dakika ile. Baada ya wao kuondoka Sunderland walifunga mabao mawili, na mechi ikaisha 2-2.

Wapo waliowalaumu. Walisema shabiki wa kweli haiachi timu yake uwanjani, na kwamba waliotoka ndio walioiponza. Lawama hiyo imebeba swali la maadili linalotuhusu hata sisi tulio mbali na Anfield. Anayependa, je, anadaiwa kuvumilia kila kitu? Na anayependwa, je, ana haki ya kumtoza anayempenda kiasi chochote?

Tuanze na hoja ya muuzaji, kwa sababu si hoja nyepesi. Atasema: mpira ni burudani, si unga wala dawa. Hakuna anayekufa kwa kukosa mechi. Mali ni yangu, nauza kwa bei ninayoitaka, na asiye nacho akae nyumbani. Hata katika dini yetu hoja hii ina mahali pa kusimama. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume Muhammad (S.A.W.) awapangie bei. Alikataa, akaeleza kuwa mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba alitaraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhulma. Kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba kila bei kubwa ni haramu.

Lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, katika maandishi yake juu ya hisba, alitenganisha hali mbili. Bei ikipanda kwa sababu bidhaa imepungua au wanunuzi wameongezeka, bila ya hila ya mtu, kumlazimisha muuzaji ashushe ni kumdhulumu. Lakini ikiwa watu wanakihitaji kitu na kinauzwa na watu maalumu peke yao, basi kuwaachia wapange watakavyo ni kuwadhulumu wanunuzi, na hapo mwenye mamlaka anaweza kuwalazimisha wauze kwa thamani ya haki.

Sasa mtazameni shabiki. Unga ukipanda katika duka hili, nitakwenda duka la jirani. Lakini tiketi ya Anfield ilipopanda, shabiki wa Liverpool hakuweza kwenda kununua ya Everton, ingawa uwanja wao wa Goodison Park ulikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu. Kwake yeye hakuna duka la pili. Amefungwa na mapenzi aliyorithi kwa baba au babu, na muuzaji anajua kuwa amefungwa. Nakubali kwamba mpira si chakula, na siwezi kuibeba hukumu ya Ibn Taymiyya yote na kuiweka juu ya tiketi. Ninachosema ni kwamba mtu anayepandisha bei kwa kuwa anajua mnunuzi hawezi kuondoka, anauza mapenzi ya mnunuzi mwenyewe. Sheria inaweza kumruhusu. Dhamiri yake inapaswa kumsumbua.

Kuna jambo la pili linalofanya tiketi isifanane na bidhaa nyingine. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga milango ya viwanja, Ligi Kuu ya Uingereza ilirejea mwezi Juni bila ya watazamaji. Wachezaji walikuwa wale wale na nyasi zile zile, lakini televisheni zililazimika kuweka sauti za mashabiki zilizorekodiwa, kwa sababu mechi kimya ilionekana kama mazoezi. Hapo kila mtu aliona kwamba nusu ya kinachouzwa uwanjani hutengenezwa na wale wanaokinunua. Shabiki anatoa fedha mlangoni, kisha anaingia ndani kufanya kazi ya kuimba, na sauti yake inauzwa tena kwa dunia nzima.

Wajerumani wengi wamelielewa hili. Katika uwanja wa Borussia Dortmund liko jukwaa la kusini ambapo watu wapatao 25,000 hutazama mechi wakiwa wamesimama, kwa bei nafuu kuliko ya viti. Klabu ingeweza kuweka viti, ikapunguza watu na kupandisha bei. Haikufanya hivyo, na jukwaa lile ndilo linaloitia hofu timu ngeni. Tena kanuni ya ligi yao, inayojulikana kama 50+1, inataka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji, ingawa zipo klabu chache zilizoruhusiwa kuwa nje yake.

Uingereza ilikwenda njia nyingine, na ilianza kwa msiba. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough, msongamano ulisababisha vifo vya mashabiki 97 wa Liverpool. Jaji Taylor alichunguza, na mwaka 1990 alipendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu. Hilo lilikuwa kwa ajili ya usalama, na uhai wa mtu haulinganishwi na hamasa ya jukwaani. Lakini jaji huyo huyo aliona kwamba inawezekana kupanga bei ili kiti cha chini kabisa kisimshinde yule aliyezoea kulipia kusimama. Viti viliwekwa, ushauri juu ya bei ukasahauliwa.

Turudi kwa wale waliotoka dakika ya 77. Je, waliisaliti timu? Nadhani jibu letu tunalo katika mafundisho tuliyolelewa nayo. Mtume (S.A.W.) aliwaagiza maswahaba wamsaidie ndugu yao akiwa anadhulumu au anadhulumiwa. Wakashangaa: aliyedhulumiwa tunajua namna ya kumsaidia, lakini anayedhulumu tumsaidie vipi? Akawafundisha kuwa kumsaidia ni kumzuia asidhulumu. Ukilifikiri fundisho hili, utaona linageuza maana ya uaminifu. Zamani ya ujahili mtu wa kabila alisimama na kabila lake katika haki na batili, na hiyo ndiyo asabiya iliyokemewa. Uislamu haukutuambia tuache kuwapenda watu wetu. Umetuambia mapenzi yetu yawe na mkono wa kuzuia.

Mashabiki wale waliizuia klabu yao. Gharama waliilipa, maana pointi mbili zilipotea wakiwa njiani kwenda nyumbani. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi, wakaifuta tiketi ya pauni 77, wakaibakisha bei ya juu pale pale pauni 59 na kuahidi kutopandisha kwa misimu miwili. Mwezi Machi mwaka huo huo klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuwa shabiki anayesafiri na timu yake asitozwe zaidi ya pauni 30. Sidhani kama wangelipata hilo kwa kukaa na kuimba.

Na sisi je? Hapa Kampala hakuna aliyetutoza pauni 77. Tunaingia kibandani kwa shilingi elfu moja au mbili. Lakini tusidhani mapenzi yetu ni ya bure. Haki za matangazo zinauzwa kwa sababu sisi tunatazama, kwa hiyo macho yetu nayo yana bei yake. Na iko bei nyingine, ambayo nitaisema kwa kujitolea ushahidi mwenyewe.

Katika miezi ya baridi ya Uingereza, mechi ya saa tisa alasiri huko huanza saa kumi na mbili jioni kwetu, na Magharibi hutukuta karibu na mapumziko. Msimu uliopita nilikuwa katika kibanda kimoja karibu na chuo, nimebahatika kupata nafasi kwenye benchi la mbele. Adhana ikasikika. Msikiti hauko mbali, na dakika kumi na tano zinatosha kwa wudhuu na rakaa tatu. Lakini nilijua nikiinuka, mwingine atakaa. Nikajiambia wakati bado upo. Rafiki yangu tuliyekuja naye aliinuka. Aliporudi, nafasi yake ilikuwa imekwenda, akatazama kipindi chote cha pili amesimama mlangoni, shingo ameinyoosha juu ya vichwa vya watu. Tulipofunga bao alipiga kelele kuliko mimi. Mechi ilipokwisha nilikimbilia swala yangu mwishoni mwa wakati wake, matokeo ya mechi yakiwa bado kichwani.

Njiani kurudi bweni nilijiuliza ni nani kati yetu wawili aliyekuwa shabiki, na nani aliyekuwa mateka. Yeye hakuipenda timu kidogo kuliko mimi. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: yeye aliweza kuinuka.

Sikuandika haya ili tuache mpira. Nitakuwa kibandani Jumamosi, insha'Allah, labda karibu zaidi na mlango. Nimeandika kwa sababu chuoni tunaombwa uaminifu kila siku, na vyama vya siasa, na makabila yetu, na viongozi tuliowachagua, hata na jumuiya yetu hii. Uaminifu huo tuutoe kwa moyo. Lakini anayetuomba ajue kwamba siku akikosea tutamwuliza, na asipojibu, tunajua mlango ulipo.

Wabillahi tawfiq.