Je, Kicheko ni Mali ya Nani?

Wahenga walituachia onyo: hujafa hujaumbika. Hata hivyo, mwenzetu akiteleza matopeni, kicheko hututoka kabla ya pole. Je, huo ni ubaya wa moyo?

Na tukitazame kipindi cha televisheni ya Marekani kiitwacho America's Funniest Home Videos. Wazo lake lilitoka Japani. Kilionyeshwa mara ya kwanza Novemba 1989, na tangu Januari 1990 kikawa cha kila juma. Watu hupeleka picha za video walizopiga majumbani mwao: bwana arusi aanguka bwawani, babu avunjikiwa na kiti, paka aruka asifike. Watangazaji wamebadilika, toka Bob Saget hata Alfonso Ribeiro, lakini watazamaji hawajachoka.

Twaamini kwamba siri yake si ukatili. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alifundisha kuwa kichekesho ni kosa lisiloleta maumivu wala maangamizi. Mtazamaji hucheka kwa kuwa aamini kwamba aliyeanguka aliinuka. Tena, katika kuanguka huko, heshima tunayojivika sote yaonekana kuwa nguo ya kuazima.

Lakini mtoto mchanga anayeangukia keki yake hakuulizwa. Wazazi ndio waliotoa idhini, na zawadi ikipatikana ni yao. Ni nani aliyepima kwamba mtoto hakuumia?

Swali hili si la Marekani peke yake. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Burundi tulikutana nalo darasani. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, nimepoteza karamu yangu." Kwa Kirundi kalamu ni ikaramu, ulimi wake ulifuata njia uliyoizoea. Darasa zima liliangua kicheko, nasi tukacheka, tukamwuliza kama pilau ilikuwa nyingi. Muhula wote uliobaki hakufungua tena kinywa. Mwili wake haukuumia, lakini alianguka, nasi hatukumwinua.

Basi twaona hivi: kicheko ni mali ya aliyeanguka. Akicheka yeye kwanza, sote tumealikwa, asipocheka, tumemwibia. Tangu siku ile twaanza mwaka wa masomo kwa kusimulia makosa yetu wenyewe, tulipokuwa tukijifunza lugha hii. Wanafunzi hucheka sana, kisha huinua mikono wapate kusema.