Mvua Ikome kwa Faida ya Nani?

Je, kutamani tu kunaweza kuwa kosa? Tuko Wabera, mjini Isiolo, marafiki wanne kwenye gari tunamolala, wiki ya pili ya safari, na mvua haikati. Mmoja wetu anasema, "Si hii mvua ikome, bana!" Lakini kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo huku kaskazini, mifugo ikafa kwa wingi. Kweli, mwisho wa 2023 ilirudi na mafuriko. Ila hapo mwenye haki ya kulalamika ni aliyesombewa nyumba, si aliyekosa picha. Kutamani kwetu hakuzuii wingu, lakini kunaonyesha ni nani tunamhesabu tukipanga siku yetu. Mimi naona tungoje tu.