Upweke wa Mnyama Tuliyemtenga na Wenzake

Msomaji wetu mmoja aishiye Marekani ametuletea swali ambalo huenda wengine wakaliona dogo, na twakiri kwamba sisi nasi tuliliona hivyo tulipoisoma barua yake mara ya kwanza. Kwa muda wa miaka mitatu amemfuga mnyama mdogo wa kigeni, akiwa mmoja tu bila mwenzi. Daktari wa wanyama amemshauri amtafutie wenzake. Naye auliza: Je, ni wajibu wangu kufanya hivyo, hali mimi mwenyewe nampenda, humbeba mfukoni mwa shati na kumlisha kwa mkono wangu? Na kama nikileta wageni wakaumizana, lawama itakuwa juu ya nani?

Mnyama huyo huitwa shuga glaida. Asili yake ni misitu ya Australia na kisiwa cha New Guinea. Ni wa ukoo wa wanyama wanaolea watoto wao mfukoni kama kangaruu, lakini uzito wake ni kama gramu 100 hadi 150 tu. Kutoka mkononi hata mguuni ana ngozi nyembamba ambayo huitandaza akaelea hewani toka mti hadi mti, pengine masafa ya mita 50. Mwenye kumjua komba wa kwetu hatapata shida kumfikiri: naye hulala mchana, huamka usiku, hula wadudu na gundi ya migunga. Akitunzwa vema hufikia umri wa miaka kumi na zaidi.

Basi jambo kubwa katika maisha ya glaida ni jamaa. Porini hulala katika tundu la mti pamoja na wenzake, hata wakubwa saba na watoto wao, wakikumbatiana ili kupata joto. Hawatambuani kwa sura bali kwa harufu. Dume aliye mkuu ana tezi kichwani na kifuani, naye huwapaka wenzake harufu hiyo, hivi kwamba jamaa nzima hunukia namna moja. Mwanachuoni wa Kijerumani, Thomas Schultze-Westrum, alichapa uchunguzi wake juu ya jambo hili mwaka 1965. Mwenye harufu ya jamaa ni ndugu; asiye nayo ni adui, naye hushambuliwa.

Sasa tulirudie swali. Wengi wetu twaijua hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie, na jinsi Mtume Mtukufu s.a.w. alivyoeleza adhabu yake. Mtu aweza kusema: Mimi sikumnyima wangu chakula, basi sina hatia. Lakini tufikiri vizuri. Kosa la mwanamke yule lilikuwa kumziba kiumbe njia ya kupata haja yake, kisha yeye mwenyewe asimpatie. Je, haja ya kiumbe ni chakula peke yake? Kurani Tukufu, katika Sura ya sita, imewahesabu wanyama na ndege kuwa ni jamii kama sisi tulivyo jamii. Ikiwa ni hivyo, basi aliyemtoa mnyama katika jamii yake amemnyima kitu ambacho sahani ya matunda haiwezi kukilipa.

Wala hatusemi haya kwa dhana. Glaida akaaye peke yake mara nyingi hubweka usiku bila kujibiwa, hujilamba hata manyoya yakatoka, na wengine hujiuma mkia na miguu mpaka damu. Kwa sababu ya mambo kama haya, nchi ya Uswisi ilitoa kanuni, zilizoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2008, kwamba wanyama wa asili ya kuishi pamoja wasinyimwe kukutana na wa namna yao.

Ndugu yetu huyu asema ampenda, nasi hatuna sababu ya kumshuku. Walakini yeye huamka glaida anapolala, na hulala glaida anapoamka. Saa anazombeba mfukoni ni saa za usingizi wa mnyama. Hawezi kumpaka harufu, hawezi kumjibu mwito wake usiku wa manane, hawezi kulala naye tunduni. Na hapa yatupasa kuuliza jambo lisilopendeza: katika nyumba hiyo, mnyama huyu aliletwa ili kuondoa upweke wa nani? Barua yenyewe yadokeza jibu, kwani mwandishi aongeza kwamba aogopa glaida akipata wenzake atamsahau yeye. Hofu hiyo ni ya kibinadamu, wala hatumcheki. Lakini haiwezi kuwa hoja ya kumwacha mwingine katika kifungo.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni naam, ni wajibu. Lakini asidhani kwamba wajibu huu hutimizwa kwa kununua glaida wengine na kuwatumbukiza kizimbani jioni ile ile. Huo ni ukatili wa namna nyingine. Mwenyeji ataona adui amevamia nyumba yake, na mgeni ataona ametupwa kwa adui. Aliyepata kuhamia kijiji kigeni, au kuingia katika dini mpya akiwa mtu mzima, ajua vema kwamba hata penye nia njema watu huhitaji siku nyingi za kuzoea harufu ya mtu.

Wenye maarifa ya kazi hii hufanya hivi. Mgeni hukaa katika chumba mbali kwa muda wa karantini, kwa kawaida siku 30, ili asilete maradhi. Kisha vizimba viwili huwekwa karibu, lakini si karibu kiasi cha kuumana vidole kati ya nyaya. Mifuko ya kulalia hubadilishwa, huyu alalie harufu ya yule, siku baada ya siku, mpaka harufu ya mwenzake isimshtue tena. Madume huhasiwa kwanza, kwani madume wawili wazima wasiohasiwa ni hatari. Ndipo hukutanishwa mahali pasipo pa yeyote kati yao, kwa dakika chache, mfugaji akiwa tayari na kitambaa kizito. Makelele ya kukoroma si ajabu. Lakini wakishikana na kubingirika kama mpira, watengwe mara moja, na kazi ianze upya. Hata wakipatana, kizimba huoshwa na vitu vyote hupangwa upya, ili asiwepo wa kudai kwamba nyumba ni yake.

Kuna mashaka mengine ambayo hatuwezi kuyaficha. Akileta wawili waliozoeana tayari, hao wana harufu moja, na mwenyeji atakuwa mgeni nyumbani mwake. Akileta mmoja, siku mmoja wao akifa, upweke umerudi. Tena uchunguzi wa urithi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba glaida wafugwao Marekani asili yao ni pande za Sorong, Papua Magharibi, katika Indonesia. Yaani wazazi wao walitolewa mwituni. Kila anunuaye aipa biashara hiyo sababu ya kuendelea. Kwa maoni yetu, ni afadhali amchukue glaida ambaye tayari amebaki peke yake katika nyumba nyingine, ambaye mwenyewe ameshindwa kumtunza. Hapo wapweke wawili wamesaidiwa bila kuongeza wa tatu.

Ama swali la pili, juu ya lawama: aliyefuata hatua hizi kwa subira, akakaa macho usiku huo wa kwanza, hatulaumu hata wasipopatana. Wapo wasiopatana kamwe. Hao waachwe katika vizimba viwili jirani, wasikiane sauti. Aliyeharakisha kwa sababu amechoka kungoja, huyo ajiulize mwenyewe.

Na kuhusu kusahauliwa, huenda ikawa kweli kwamba hatapokewa mlangoni kama zamani. Tumemwandikia hivyo bila kumficha, na twangoja barua yake ya pili.