Vikapu vya Sadaka na Bei ya Mikono

Neno: Kutoka 35:25-26, Mithali 20:14, 1 Mambo ya Nyakati 21:22-25



Hema ya kukutania ilipojengwa jangwani, Biblia haikuwasahau akina mama. Inasema walisokota nyuzi kwa mikono yao, na wengine wakasokota manyoya ya mbuzi. Sisi watu wa mbuzi tusipite hapo haraka. Mungu aliona vidole vinavyosokota uzi, akaviandika pamoja na dhahabu na fedha.

Hapa Kerio hatusokoti nyuzi, lakini mikono ipo. Mama zetu wanasuka vikapu vya mkoma. Na tangu ule ukame wa mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilipotukosa na mifugo ikaisha, kikapu ndicho mbuzi aliyebaki katika nyumba nyingi.

Mwezi uliopita kanisa lilihitaji vikapu vinne vya sadaka. Mama mmoja alitaka shilingi 500 kwa kila kimoja. Nikamwambia hiki kimepinda, hiki rangi haijashika, na vikapu vimejaa sokoni. Jua lilikuwa linazama. Akakubali 300. Nilirudi kwa kamati nikijisifu kwamba nimeokolea kanisa shilingi 800.

Wiki hiyo hiyo nikasoma Mithali 20:14: mnunuzi anaponda mali, halafu akienda zake anajisifu. Wapendwa, nilijiona hapo.

Nilirudi kwa yule mama, safari hii kuuliza. Akanieleza: anakata majani machanga ya mkoma, anayaanika, anayachana vipande vyembamba, mengine anayachemsha na rangi. Kabla ya kusuka anayalowesha yawe laini. Anaanza na kitako, anazungusha na kushona mzunguko baada ya mzunguko. Kikapu kimoja, siku tatu. Piga hesabu: shilingi 100 kwa siku, na bado hujatoa pesa ya rangi.

Mtu atasema, "Lakini Pasta, si alikubali mwenyewe?" Hata mimi nilisomea biashara, nikafundishwa kwamba bei wakikubaliana wawili, mambo yamekwisha. Lakini kuna kukubali na kukubali. Mimi ningekosa vikapu, ningelala nimeshiba. Yeye angekosa mteja, watoto wangelala njaa. Je, hapo tulikuwa wawili tunaopatana, au mmoja alikuwa anangoja mwenzake achoke?

Mwingine atasema, "Akina mama wa Kutoka walitoa bure kwa nyumba ya Mungu." Ni kweli, walitoa kwa moyo wa kupenda. Zawadi hutoka moyoni. Punguzo la mwenye njaa hutoka tumboni. Mimi nilichukua la tumboni nikalileta madhabahuni kama la moyoni.

Daudi alikataa jambo hili. Ornani alikuwa tayari kumpa kiwanja, ng'ombe na kuni bila malipo. Daudi akasema hapana, atalipa thamani kamili, kwa sababu hawezi kumtolea Bwana kitu cha mtu mwingine, kitu ambacho yeye mwenyewe hakukigharamia. Sasa sisi tutakusanyaje sadaka ndani ya kikapu ambacho sehemu ya bei yake imelipwa na mama wa watu?

Sisemi kupatana bei ni dhambi. Mwenye duka anayekuuzia sukari amejipanga, patana naye. Ila kabla hujashusha bei, jiulize: akikataa bei yangu, nani ataumia, na kwa kiasi gani?

Nilimpelekea zile 800 kutoka mfukoni mwangu. Akazihesabu, akaniuliza, "Pasta, huu ni msaada?" Nikasema, "Hapana, mama. Ni deni." Ndipo akazifunga kwenye leso.

Wiki hii, ukishika kitu cha mikono ya mtu, uliza kwanza kimechukua siku ngapi. Halafu ndipo uulize bei.