Nani Kaizima?

Swali langu ni hili, msomaji: je, mtu ana haki ya kumtaja mkosaji kabla hajafanya jaribio lolote? Nalileta kwa njia ya jambo dogo, kompyuta ya nyumbani inayozimika katikati ya gemu, kwa sababu jambo dogo tunaweza kulitazama bila jazba.

Anayecheza gemu anaijua hali hii. Mpira uko dakika ya 80, skrini inaganda, sauti inarudiarudia kama kigugumizi, halafu giza. Mashine inajiwasha yenyewe. Kesho yake unacheza saa tatu bila tatizo. Keshokutwa dakika kumi tu, imezimika. Ubovu wa namna hii unasumbua kuliko ule wa kudumu, maana unampa kila mwenye ulimi nafasi ya kutoa ushahidi. Na ulimi, jamani, hauna mfupa.

Kwetu Mkuyuni ushahidi ulikuwa mwingi. Wa kwanza kutajwa alikuwa mdogo wetu wa darasa la sita, eti ndiye aliyeigusa mwisho. Wa pili ni jirani anayechomelea mageti: akiwasha mashine yake taa zetu zinafifia, kwa hiyo "ni yule tu, hakuna mwingine." Shangazi yeye alisema ni joto, kwa kuwa feni ilijaa vumbi na vijidudu vya ziwani. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli. Joto kweli huzima kompyuta, na umeme unaopanda na kushuka huizima vilevile. Lakini kinachoweza kuua si lazima ndicho kilichoua.

Windows ina daftari lake la matukio. Mashine ikizimika vibaya, inapowaka tena huandika tukio namba 41, Kernel-Power. Jina hilo huwafanya wengi wakimbilie kununua pawa saplai mpya. Kumbe namba hiyo inasema jambo moja tu, kwamba mashine ilianza upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Ni cheti cha kifo kisichotaja sababu ya kifo.

Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisafisha feni, ukabadili waya na kufuta programu siku hiyohiyo, hata mashine ikipona hutajua nini kimeiponya. Basi tukacheza Jumapili, karakana ya jirani imefungwa. Ikazimika. Jirani akatoka kwenye orodha. Tukasafisha feni, tukapima joto, likawa la kawaida. Ikazimika. Tukatoa kipande kimoja cha RAM kati ya viwili, ikakaa wiki nzima haijazimika. Hapo nyumba nzima ilitaka kushangilia, lakini wiki nzima inaweza kuwa bahati. Tukakirudisha kilekile, tukatoa kingine: ikazimika jioni ileile. Mdogo wetu alikuwa amenyimwa gemu wiki tatu. Waliomtaja walikuwa wameshasahau.

Msidhani haya ni ya uswahilini tu. Mwaka 2023 na 2024, wacheza gemu wengi duniani wenye kompyuta za mezani zenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliona gemu zao zikianguka, mara nyingi kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya video haitoshi. Ujumbe huo unainyooshea kidole kadi ya grafiki. Watu wakailaumu kadi, wakawalaumu waliotunga gemu. Mwaka 2024 Intel ikakubali kwamba baadhi ya prosesa zake zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi. Ikatoa marekebisho, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini prosesa iliyokwisha kudhurika haikuponywa na marekebisho hayo.

Sasa tuiache kompyuta. Huku Kanda ya Ziwa tunajua kidole kinachonyooshwa ovyo hufika wapi. Kwa miongo mingi vikongwe wameuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Bibi aliyepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe maisha yake yote, ndani ya jiko lisilopitisha hewa, macho yake yasiwe mekundu kwa nini? Mtoto kafa, ng'ombe kafa, bibi ana macho mekundu. Tukio namba 41 limegeuzwa hukumu.

Rafiki yangu mmoja ananibishia. Anasema maisha hayafanani na meza ya fundi, na mtu aliyefiwa hawezi kungoja jaribio. Nusu ya hoja yake naikubali: anayeumia anahitaji jibu, na "sijui" haimfuti mtu machozi. Lakini tazama tofauti. Kile kipande cha RAM tuliweza kukirudisha mahali pake, na kilipoanza tena vituko vyake ndipo tulipojua kwa hakika. Binadamu huwezi kumfanyia hivyo. Huwezi kumwondoa bibi duniani ili uone kama watoto watapona, kisha umrudishe uhakikishe.

Kutokana na hilo wengine huona kwamba, kwa vile watu hawapimiki, basi turuhusiwe kukisia. Mimi naona kinyume chake. Usichoweza kukirudisha ndicho kinachokudai ushahidi mkubwa zaidi, na ukiukosa, kaa na hiyo "sijui" yako hata kama inachoma. Kukaa nayo ni kazi ngumu, lakini ni kazi ya haki.

Sisi tunaojifunza kuandika tuna deni hapa. Hadithi zetu hupenda mkosaji apatikane kabla ya ukurasa wa mwisho, na mara nyingi tunamchagua yuleyule: mama wa kambo, mgeni, kikongwe wa pembezoni mwa kijiji. Kabla hujamwandika jina, ndugu yangu, jiulize umejaribu nini, na kama ukigundua siye, utamrudishaje.