Kipimo cha Haki Ndani ya Goti

Wako Wakristo wanaodhani ya kuwa amri za Torati juu ya mizani na vibaba ni za wenye maduka tu. Auzaye mchele na aziogope, naye apimaye nguo kwa mkono mfupi na aziogope. Lakini fundi wa vyuma, asiyekaa sokoni, zamhusu nini? Mwezi huu twataka kuzitazama amri hizo mahali ambapo wengi hawajapata kuzitazama, yaani ndani ya goti la mtu mgonjwa.

Katika kila usharika wamo wazee wasioweza kupiga magoti tena. Gegedu iliyofunika ncha za mifupa imelika, mfupa wasaga mfupa, na kila hatua ni maumivu. Kuwasaidia watu kama hao kulijaribiwa zamani. Mwaka 1890 Themistocles Gluck, daktari wa Berlin, aliwatia wagonjwa magoti yaliyochongwa kwa pembe za ndovu, walakini kazi yake haikudumu, maana viungo vile viliingia usaha. Goti la siku hizi asili yake ni kazi ya madaktari na mafundi wa London na New York, na lile ambalo John Insall na wenzake wa New York walianza kulitia mwaka 1974 ndilo baba wa mengi yatumikayo leo. Daktari hukata ncha ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, huivika chuma, na katikati huweka kipande cha plastiki ngumu kiwe badala ya gegedu.

Shida yaanzia hapo. Mifupa ikiisha kukatwa, kati yake pana nafasi. Je, ijazwe kwa kipande cha unene gani? Vipande viko vya namna nyingi, na tofauti ya kimoja na cha pili ni milimita 1 au 2 tu. Asiyejua atasema, Twaa rula ukapime. Lakini nafasi ile haina upana wake yenyewe. Mifupa imefungwa pamoja kwa kano, nazo kano huvutika. Ukivuta kwa nguvu nafasi ni kubwa, ukivuta kwa upole ni ndogo. Daktari mwenye mkono mzito ataona nafasi pana, atatia kipande kinene, na mgonjwa hataweza kulinyosha goti wala kulikunja vizuri. Mwenye mkono mwepesi atatia chembamba, na goti litachezacheza kama mguu wa meza uliolegea. Wote wawili wamepima, wala hakuna aliyesema uwongo. Hata hivyo watu wawili wameumizwa.

Ndiyo sababu Michael Freeman wa London, na Insall pia, walitumia chombo cha kutanua. Ni mabamba mawili ya feleji, moja chini ya mfupa wa paja, moja juu ya mfupa wa muundi. Parafujo au kamani huyatenganisha kwa nguvu inayojulikana. Alama zaonyesha milimita, na bamba la juu likiinama laonyesha kwamba upande wa ndani au wa nje umekaza zaidi. Hupimwa mara mbili, mguu umenyoshwa na goti limekunjwa nyuzi 90, na shabaha yao ilikuwa nafasi zote mbili ziwe sawa, zenye pembe za mraba.

Tunamsifu aliyetengeneza chombo hicho, kwa kuwa amemwondolea daktari kiburi cha mkono wake. Lakini sasa swali limehama, halikuisha. Nguvu ile ya kamani, nani aliyeiamuru? Waganga wa Kobe katika Japani, katika vipimo walivyovitangaza, walitumia nguvu ya ratili 40. Yafaa kuwa na kiasi kimoja, ili mtu aweze kulinganisha goti na goti. Lakini bibi mwembamba na mkulima mwenye mapaja kama magogo hawana kano za namna moja. Basi chombo kina shauri lake ndani yake, na shauri hilo ni la mtu.

Waganga hao wa Kobe walifanya jambo jingine linalotupendeza kuliko yote. Desturi ilikuwa kuisukuma pia ya goti kando wakati wa kupima, ili chombo kiingie. Wakaona ya kuwa nafasi ipimwayo hivyo si sawa na nafasi ya goti ambalo pia yake iko mahali pake. Kwa hiyo wakaunda chombo chenye mkono uliopindwa kando, ili pia irudishwe na goti lipimwe jinsi litakavyotembea. Na walimu wa ubatizo walifikiri jambo hili. Mwalimu amwulizaye mwanafunzi kwa uso wa ukali hadi ulimi wake ukauke, kisha aandike katika kitabu kwamba hajui, amepima nini? Amepima hofu aliyoileta yeye mwenyewe.

Tena liko neno la usawa. Goti zima lisilo na ugonjwa, likikunjwa, hulegea upande wa nje kuliko upande wa ndani. Muumba hakulifanya mraba. Kwa hiyo wako madaktari wa siku hizi wanaoiacha tofauti ndogo ibaki, na wako wanaoshika mraba, nao hawajapatana. Sisi si waamuzi wao. Lakini twaona ya kuwa fundi asiyaamue mashindano hayo kwa siri ndani ya chuma. Chombo kionyeshacho milimita, mwinamo na nguvu iliyotumika, kimetoa ushuhuda. Kile kinachowasha taa ya kijani, maana yake ni vema, bila kusema ni vema kwa kipimo gani, kimetoa hukumu isiyoulizwa.

Mtu atasema, Milimita moja ni nini hata isemwe habari ya dhambi? Twajibu, kukosa milimita moja si dhambi. Kuficha ndiko kubaya. Katika jimbo la Ontario, Kanada, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa karibu mgonjwa mmoja katika watano hakuridhika na goti lake jipya. Hatusemi wote waliumizwa na vipimo, sababu ni nyingi. Lakini mtu kati yao ambaye goti lake limekazwa mno hana njia ya kujua kosa lilianzia wapi.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, haiachi amri ya tano kwenye kuua tu. Aifikisha hata kumsaidia jirani katika shida za mwili wake. Jirani wa fundi huyu ni nani? Ni mtu asiyemwona kamwe, aliyelazwa na dawa ya usingizi au ambaye miguu yake imetiwa ganzi, asiyeweza kusema, Umenivuta mno. Fundi ajua ya kuwa kamani huchoka, na kwamba chombo huchemshwa kwa mvuke kila baada ya kazi, mara nyingi sana. Basi na aandike juu ya chuma chenyewe, si katika karatasi itakayopotea, ni baada ya kazi ngapi kipimwe upya. Na akiletewa habari kwamba chombo kimoja chasoma vibaya, awapelekee habari wote walionunua vya namna ile, hata ikiwa bei yake itashuka.