Chombo Kiitwacho Tawakali

Fundi hakuitazama rangi. Mimi nilikuwa nimeitazama siku tatu mfululizo: buluu iliyopakwa majuzi, mstari mweupe ubavuni, na karibu na hanamu jina Tawakali limeandikwa kwa mkono uliotulia. Yeye alikizunguka chombo mara moja tu, akachutama nyuma penye fashini, akageuza tezo yake na kuanza kugonga mbao kwa mpini. Akawa anagonga na kusikiliza, akisogea kidogo kidogo kuelekea mbele. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Alipofika ubao wa pili kutoka mkukuni, jibu likawa zito, kama la papai lililoiva. Akachomoa kisu kiunoni, akaweka ncha pale penye rangi inayong'aa, na ncha ikazama bila kusukumwa.

"Mwalimu," akaniambia bila kugeuka, "hapa pameliwa."

Tulikuwa ufukweni Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mwezi wa Machi, kaskazi imeanza kulegea. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uliotangulia, na mafao yangu yalikuwa yamekwisha kupata washauri wengi kuliko yalivyostahili. Mmoja alisema nifungue duka, mwingine nijenge vyumba vya kupangisha. Mimi nilitaka mashua. Marehemu baba alivua maisha yake yote katika vyombo vya watu, akafa hana hata kafi lake mwenyewe, na tangu utotoni nilijiapiza kwamba siku moja jina letu litakuwa na chombo, hata kiwe cha futi 22.

Mwenye kuuza alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mikono nyuma. Hakunidanganya. Siku ya kwanza nilimuuliza kama chombo kina salama, naye akanijibu, "Mlinzi ni Mungu, Mwalimu." Neno la kweli kabisa. Nami nikalichukua kuwa ndiyo.

Nimelitafakari sana jibu lile. Mtu anayeuza nyumba akaficha ufa ukutani anamwibia mnunuzi fedha. Anayeuza chombo akanyamazia ubao ulioliwa anakopesha roho za watu asiowajua, maana si lazima mnunuzi ndiye atakayekuwa ndani siku ubao utakapoachia. Na kulitaja jina la Mungu mahali palipohitaji jina la kasoro ni jambo zito, tena tumelizoea. Tawakali tuliyofundishwa chuoni huja baada ya ngamia kufungwa. Hapa tuliiandika kwa rangi nzuri juu ya ubao mbovu.

Wanaokula mbao za chombo watu huwaita funza, ingawa kwa hakika ni jamaa wa chaza na kome, wenye gamba dogo kichwani linalofanya kazi ya keekee. Huingia wakiwa wadogo mno, kwa tundu ambalo jicho halilioni, kisha hukua humo humo wakitoboa kufuata urefu wa ubao. Nje panabaki laini, ndani pamekuwa mzinga wa nyuki. Ndiyo sababu wazee huvuta vyombo nchi kavu na kuvichoma chini kwa makuti makavu, moto wa haraka unaoramba ubao bila kuuunguza. Na ndiyo sababu fundi hugonga. Zaidi ya hapo alinifundisha jambo ambalo kila anayetaka kununua mashua ya mbao alijue: ziba ngurudi, jaza maji ndani chombo kikiwa mchangani, kisha kaa chini uangalie nje yanatokea wapi. Maji hayamwonei mtu haya. Tuliyamimina kwa ndoo asubuhi nzima, na Tawakali akatiririka sehemu tano.

Nilimnunua hata hivyo. Mkuku ulikuwa mzima na mataruma yalishika, na bei ikashuka baada ya kisu kuzama. Tuliandikiana mbele ya sheha na mashahidi wawili. Fundi akaniambia hivi: ubao wa pili unatoka leo, hauna mjadala. Wa tatu umeanza kuguswa, lakini unaweza kusubiri hadi kaskazi ijayo, ilimradi wavuvi wako wajue, wasikae nje kusi linapokaza. Nikatikisa kichwa. Mbao zilikuwa ghali, mashine bado haijanunuliwa, na mafao yalikuwa yakiyeyuka mkononi kama barafu ya samaki. Nikachagua kusubiri.

Kazi ya kalafati ilichukua siku nne, nami sikukosa hata moja. Fundi na kijana wake walikwangua mishono yote, wakatoa pamba ya zamani iliyokuwa imegeuka nyeusi na kunuka ngama. Kijana akaketi, akaisokota pamba mpya juu ya paja lake, akaichovya mafuta ya nazi, akamkabidhi fundi ncha. Fundi akaishindilia katikati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo, kila pigo limepimwa: likiwa dogo pamba haishiki, likizidi linaziachanisha mbao. Juu yake wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Usiku nilirudi nyumbani nanuka bahari ya utotoni mwangu, harufu ya nguo za baba.

Kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita kinautaja mji mmoja wa pwani hii ya Afrika Mashariki kwa jina Rhapta, na jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Mitepe ya Lamu ilishonwa vivyo hivyo kwa kamba za nazi hadi karne iliyopita ilipotoweka. Nikiwatazama wale wawili nilifikiri kwamba mwenye mtepe alikuwa na bahati moja tusiyo nayo: kamba zilionekana. Baharia aliweza kupitisha mkono juu ya mishono kabla ya kupanda akajua anaikabidhi roho yake kwa kitu gani. Sasa tuna misumari ndani na rangi nje, na boti za faiba ambazo hazina mdudu wa kuzila lakini nazo zina nyufa zinazozibwa kwa rangi ile ile. Baharia hapitishi tena mkono. Anamwamini mwenye chombo.

Mambo ya karatasi hayakunisumbua. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010 inataka chombo kiwe na leseni na mvuvi awe na yake, na bwana diko alinielekeza bila mizunguko. Mashine nilinunua ya hosipawa 15, iliyotumika. Fundi mashine alinikalisha chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: hii ni ya kuchanganya, petroli lita 50 kwa oili lita 1, ukibana oili umeiua, na kila ikitoka baharini inywe maji matamu dakika kadhaa, maana chumvi haina haraka lakini haisahau.

Nahodha niliyempata ni mtu wa makamo aliyewahi kuvua na baba. Alikuja na mabaharia wawili na mpwa wake, kijana wa miaka kumi na minane. Kabla ya kukubali aliniuliza swali moja tu: tutagawana vipi? Kila diko lina desturi yake, na yetu ni hii. Tuseme samaki wamenadiwa shilingi 400,000. Kwanza yanatoka mafuta, barafu na chambo, tuseme 120,000. Zinabaki 280,000, zinakatwa mafungu saba ya 40,000: manne ya watu, moja la chombo, moja la mashine, moja la nyavu. Mwenye navyo vyote vitatu anachukua 120,000 naye hakulowa hata kisigino. Sisemi ni dhuluma. Mbao huoza, nyavu huchanika, na siku bahari inapokataa hasara ni yake. Lakini sharti mtu aijue maana ya lile fungu. Fungu la chombo si kodi ya kupangisha. Wenzako wamekuachia ili kesho chombo kiwe kizima. Ni fedha za ubao wa tatu.

Nilielewa hivyo baadaye. Miezi ya mwanzo nililipa madeni, nikanunua na kabati la nyumbani.

Tulikishua chombo mwishoni mwa Mei, masika yakielekea ukingoni, baada ya kisomo kifupi na wali wa nazi. Nilifikiria kulibadili jina, nikaliacha. Na neno la fundi kuhusu ubao wa tatu sikumwambia nahodha. Sikukusudia kumficha. Kila nilipotaka kusema palikuwa na jambo jingine la furaha la kuzungumza, na nilijiambia kwamba mtu mzoefu kama yeye ameuona mwenyewe. Hivyo ndivyo mtu anavyonyamaza: hakuna siku anayoamua kunyamaza.

Julai kusi likakaza. Samaki wakaadimika, bei ikapanda, na vyombo vingi vidogo vikalala mchangani. Jioni moja nilimwambia nahodha kwamba wenzetu fulani wametoka wakarudi na kolekole. Sikumwamuru. Nilitaja tu, kwa sauti ambayo mwenye chombo hutajia mambo. Wakatoka saa tisa za usiku.

Saa nne asubuhi hawajarudi. Nilisimama ufukweni na mama wa yule kijana, dada yake nahodha, aliyekuwa amekuja na kikapu cha kuchukulia kitoweo. Hakusema lolote. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikielekea Pemba na abiria kupita kiasi chake, ilizama katika maji haya haya, na wavuvi wakatoka kwa vyombo vyao vidogo kuokota walio hai na walioondoka. Hakuna aliyeuliza mafuta atalipa nani. Nilikuwa nikilikumbuka jambo hilo kwa fahari siku zote, kama sifa ya watu wetu. Asubuhi ile nililikumbuka kwa namna nyingine: meli ile nayo iling'oa nanga kwa ruhusa ya watu waliobaki nchi kavu.

Tulimwona Tawakali karibu na adhuhuri, amekaa chini mno majini, akisogea kwa tanga peke yake. Mashine ilikuwa imemeza maji. Vijana wakaingia baharini hadi vifuani wakamvuta. Ubao wa tatu ulikuwa umeachia mwendo wa saa mbili kutoka nchi kavu, mshono mzima, na nahodha alikuwa ameuziba kwa shati lake na kipande cha wavu, akaubana kwa goti. Watu wote wanne walikuwa hai. Alhamdulillahi.

Yule kijana ndiye aliyekuwa na upo, dumu la mafuta lililokatwa nusu. Alikuwa amekomba maji tangu alfajiri. Aliposhuka nilimpa mkono, akasita, kisha akanipa. Kiganja hakikuwa na ngozi. Ukingo wa plastiki ulikuwa umemkata chini ya vidole vyote vinne, na chumvi imekaa ndani ya vidonda, nyeupe. Niliushika mkono ule nisijue niuachie vipi.

Nahodha alikaa mchangani muda mrefu, akipumua. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nilimfikiria yule aliyeniuzia, mikono nyuma. Ningeweza kusema bahari haina mwenyewe, ningeweza kusema tumshukuru Mungu, na yote yangekuwa kweli.

"Nilikuwa najua," nikamwambia. "Fundi aliniambia tangu Machi."

Alitazama chini. Mama wa kijana alikuwa nyuma yangu na alisikia. Nilidhani watanitukana, na ingekuwa haki yao. Nahodha akainuka, akamshika mpwa wake bega, wakaondoka. Siku ya tatu nilikwenda kwake baada ya magharibi. Sikwenda na fedha, ingawa gharama za matibabu ya mkono nilikwisha kuzilipa. Nilikwenda na kabati limekwisha kuuzwa na mbao zimekwisha kununuliwa, na nikamwomba aje azigonge mwenyewe kabla hazijapigiliwa. Tulikaa barazani hadi isha. Alinieleza jinsi baba yangu alivyowahi kukataa kupanda chombo cha tajiri mmoja, akakosa kazi miezi miwili, tukala muhogo. Muhogo ule nilikuwa naukumbuka. Sababu yake nilikuwa siijui.

Sasa ni mwaka wa nne. Fungu la chombo lina kopo lake, na hesabu yake iko kwenye daftari ambalo baharia yeyote anaweza kulifungua. Kila kaskazi inapolegea Tawakali huvutwa juu, hujazwa maji ndani, nasi sote watano huchutama kumzunguka tukingoja, kila mmoja na upande wake. Nimejifunza kugonga, ingawa sikio langu bado la mwalimu. Nahodha hugonga baada yangu.

Jana ilikuwa zamu ya mishono ya kushoto. Kijana aliketi mchangani akisokota pamba juu ya paja, kiganja kina mistari minne iliyopauka chini ya vidole. Akapima alichosokota kwa urefu wa ubao, akaniangalia.

"Pamba haitoshi, Mwalimu."

Nilidhani inatosha. Nikainuka nikaenda dukani.